Bei Iliyoshuka Ikiombwa

Siku hizi nikiangalia bei yoyote, jicho langu huenda kwanza kwenye tarakimu ya mwisho. Tabia hii niliipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Kilindoni, la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imeuza misumari kisiwani tangu baba yangu hajazaliwa. Mzee huyo ndiye mtu wa kwanza kunilipa kwa kazi ya kompyuta. Alitaka fomu ya mauzo: muuzaji aandike bidhaa na bei, ahifadhi, naye ayaone mahesabu akiwa nyumbani.

Kutengeneza kurasa za mtandao nilijifunza mwenyewe, kwa simu. Mtu wa namna yangu haachi kuhofu kwamba kuna somo moja aliloliruka ambalo wengine wote walilisoma. Hofu hiyo yote niliimalizia kwenye kisanduku cha bei. Mwanzo nilitaka koma zijiweke zenyewe wakati mtu anaandika, lakini kila koma ilipoingia, kishale kiliruka mahali pasipotakiwa. Halafu muuzaji, kwa mazoea ya stakabadhi, alifunga kila bei kwa /= na fomu ikakataa. Nikachoka, nikakifanya kisanduku kiwe cha namba tupu. Nilikijaribu kwenye simu yangu mpaka macho yakauma. Hakikuwa na kasoro.

Baada ya muda mzee akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Soma hapa."

Kopo la rangi la 18500 lilisomeka 18497. Bati la 24000 lilikuwa 23961. Nani hapa Mafia ana sarafu za kulipa bei kama hizo?

"Hii bei ya nani?" mzee aliuliza. "Ya majini?" Hakuwa anacheka.

Kilichonitisha zaidi ni droo ya pesa. Haikupungua, ilizidi hesabu ya fomu. Pesa ikipungua unamtafuta mwizi. Ikizidi unamtafuta nani?

Mzee alikuwa na jibu lake. Muuzaji wake, dada mmoja aliyetoka bara na kupanga chumba hapa mjini na mwanawe anayesoma, ndiye anayeandika pungufu. "Ananipima. Nikinyamaza, ataanza kuchukua. Ijumaa baada ya swala nampa chake, arudi kwao."

Nilitaka kusema kosa ni langu, lakini sikulijua. Ningekiri nini?

Alhamisi mchana nikaenda kukaa juu ya mfuko wa saruji, nyuma ya kaunta. Barabara ilikuwa kimya, feni inazunguka polepole.

"Umetumwa kunichunguza, mdogo wangu?" dada aliuliza.

"Nachunguza kisanduku."

"Mimi ningekuwa mwizi ningeiba hiyo saruji uliyoikalia. Shilingi tatu nitaziweka wapi?"

Akaingia bibi mmoja kutoka Kiegeani, anataka kitasa. Dada akaandika 15000, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta, kama wauzaji wetu wanavyomgeuzia mteja kikokotoo ili aione bei kwa macho yake.

"Nipunguzie, mwanangu."

"Ndiyo bei ya mwisho, bibi."

"Nimetoka mbali mie. Nipunguzie."

"Siwezi, bibi. Duka si langu."

Bibi akatabasamu, macho kwenye kioo. "Haya, inashuka."

"Nini kinashuka?"

"Bei. Juzi nayo nilipoiomba ilinisikia."

Nikainuka, nikazunguka kaunta na kusimama nyuma ya bibi. 14988. Hakuna aliyegusa kibodi. 14987. Namba ilizama taratibu, kama kitu kinachotelemshwa kisimani kwa kamba.

"Kidogo tena," bibi alinong'ona. Hakuwa anasema na sisi. Alikuwa anasema na kioo.

14986.

Nilitaka kutoka nje. Nadhani ni aibu tu iliyonibakiza pale. Nikamtazama dada: macho yake yalikuwa kwa bibi, mkono wake juu ya mausi, na kidole cha shahada kinazungusha kile kigurudumu cha katikati, punje kwa punje, kama anayesali rozari.

"Dada, simamisha kidole."

Namba ikasimama.

"Zungusha."

Ikazama.

"Mazoea tu," alisema. "Mteja akinibembeleza naumia kumkatalia. Kidole kinacheza chenyewe." Kisha hubonyeza kuhifadhi bila kutazama, kwa sababu kioo kimemgeukia mteja. Kisanduku cha namba, kishale kikiwa juu yake, hufuata kigurudumu. Mimi sikuwahi kuwa na mausi.

Nikamwita mzee. Alizungusha mwenyewe, akaona bei inashuka chini ya kidole chake, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa jiko. Kisha akaweka funguo za duka kaunta, mbele ya dada.

"Kesho fungua wewe. Mimi nitachelewa."

"Haya, mzee." Alizipangusa vumbi la saruji kabla ya kuzishika.

Nilikibadilisha kisanduku kiwe cha maandishi, kinachopokea tarakimu peke yake. Koma huingia mtu akishatoka kwenye kisanduku, na /= imekaa nje, haigusiki.

Bibi alirudi kununua bawaba. Alibembeleza, na kidole cha dada kikazunguka vilevile. 6,500/= haikutikisika. Bibi akasogea karibu na kioo.

"Imekufa?"

"Imepona, bibi," dada alisema.

Bibi alilipa, akatoka kinyumenyume, macho bado kwenye kioo.