Kamyo Iliyosema Ni Mukimbizi

Nilimwaga maji ya kuogea mtoto juu ya mbabula, makaa yakalia, majivu yakamrukia shofa, dereva wa kamyo, kwenye suruali. Alikuwa anachemsha chai. Anachemsha chai kando ya kamyo, lori lenye mapipa ya esanse, petroli tupu, ndani ya ua wa parsele yangu, chini ya dirisha ambako wanangu wawili walikuwa wamelala.

“Mama, unaharibu makaa,” akasema.

“Makaa ni yangu. Mbabula ni yangu. Batoto nabo ni bangu.”

Kamyo hiyo ilitoka Bunagana vita vilipofika huko. Shofa aligonga geti letu hapa Keshero na mvua ikinyesha, akamwambia mama mkwe wangu, “Mama, hii kamyo ni mukimbizi. Iache ilale tu.” Neno lilikuwa hilo. Mama mkwe amekimbia vita mara nyingi kuliko mimi, amelala katika madarasa ya parokia na kwa watu asiowajua. Alifungua geti kwa mikono yake. Mume wangu alikuwa Butembo na bidhaa zake, barabara imefungwa. Mimi nani nikatae?

Kamyo ikalala, haikuamka. Ilikuwa imeingia kwa kurudi nyuma, pua ikabaki imebana geti. Ukuta wetu ni wa mawe ya volkano, na juu tulipanda vipande vya chupa sisi wenyewe kwa kuogopa wezi. Hakuna njia nyingine ya kutoka. Ili nipite ilibidi nimtoe mtoto mgongoni, nimtangulize, kisha nijibane.

Siku moja mabomu yakasikika upande wa Rumangabo, halafu karibu zaidi. Majirani wakaanza kukimbilia ziwani. Nikamwambia mwanangu mkubwa apite chini ya kamyo. Fulana yake ikanasa kwenye chuma. Nilimsikia akiniita kutoka kule chini, nami nimebanwa na geti, mdogo mikononi, mkono wangu haumfikii. Alipochomoka, kichwa chake kilinuka esanse. Mabomu hayakutufikia siku ile. Lakini tangu hapo, mlango wa jirani ukijifunga kwa nguvu, nawashika watoto wote wawili.

Ndiyo maana nilimwaga yale maji.

“Toa kamyo,” nikamwambia shofa.

“Patro, mwenye kamyo, anasema tungojee.”

“Patro wako analala wapi?”

Akatazama majivu. “Kwa hoteli.”

“Basi kamyo ni mukimbizi, patro ni mutalii.”

Mama mkwe akatoka na rozari mkononi. “Mukimbizi hafukuzwi, mwanangu.”

“Mukimbizi anakula, mama. Huyu anavuja.”

Nilikwenda polisi. Wakaniambia kazi yao ni barabara, ndani ya parsele si barabara. Nikaenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu. Akasema motokari si mambo yake, mambo yake ni watu. Nilifika njiani, ndipo nikakumbuka sheria yake mwenyewe: wakati wa vita, kila mgeni anayelala kwako lazima umwandikishe kwake. Nikarudi.

“Muzee, niko na mugeni hajaandikishwa.”

Akachukua kalamu haraka. “Jina?”

“Mukimbizi. Ndivyo alivyojitambulisha kwa geti.”

Akanitazama, akanisukumia karatasi. “Andika mwenyewe, uweke sinyatiri yako hapa chini.” Niliandika hivi:

“Mimi, mama wa watoto wawili, namshitaki mgeni aliyelala kwangu bila kuandikishwa. Ni kamyo. Imeziba geti, nasi hatuna njia nyingine ya kutokea. Ina mapipa ya esanse, nayo inavuja. Bomu likianguka, mgeni huyu hatakimbia, na sisi hatutaweza kukimbia. Mwenye kamyo yuko hotelini. Naomba aje kuitoa leo, kabla mwanangu hajatumwa tena kutambaa chini yake.”