Kanda ya Harusi ya Mama Mdogo

Naikumbuka siku ile ya mahindi kama ndoto, mwanangu, na bado hasira hunipanda. Najikasirikia mwenyewe. Wewe bado unanyonya, lakini utayasoma haya ukikua.

Nilikuwa nimemaliza fomu foo, nakaa mtaa wa Tuwan kwa mjomba aliyekuwa akipiga video za harusi, Kitale mpaka Bungoma. Hujui ilivyokuwa wakati ule. Unaingiza kanda kwa deki, kioo cha televisheni kinachemka vidoti vidoti, halafu unajiona unatembea. Mara ya kwanza nilishika shavu langu kuhakikisha bado liko.

Basi mimi na rafiki yangu Nekesa tukatunga mchezo: mwalimu mlevi anafundisha mahindi kama wanafunzi. Kanda tupu hakuna. Nikatoa moja kabatini, haina jina. Mjomba alikuwa amevunja kile kipande kidogo cha plastiki ubavuni, kwa sababu kikivunjwa kamera inakataa kurekodi juu yake. Mimi mjanja nikaziba tundu na selotepu. Ikakubali.

Mahindi yalitupita kimo. Upepo ukiyapiga, Nekesa anayaita majina, nayo kama yanaitikia. Sitakudanganya, mchezo ulikuwa mtamu. Tulipoionyesha, ploti nzima, wapangaji wote, walicheka.

Mwezi uliofuata kukhu wa Tongaren, aliyewazaa mama na mjomba, akafariki. Baada ya mazishi mama alikuja akaomba kanda ya harusi ya mama mdogo, ambapo kukhu aliimba akimbariki bibi harusi. Sauti yake haikuwa imebaki mahali pengine.

Mjomba akaitoa ile isiyo na jina, akaiingiza. Yakatokea mahindi. Nekesa. Mimi na wigi ya mwalimu mlevi. Nilitaka kueleza, mama akaninyamazisha kwa mkono. Mchezo ulipoisha kukhu akatokea, wimbo tayari umekwisha, anafunga mdomo, anakaa chini.

“Rudisha,” mama akasema.

Anakaa chini. Mjomba alirudisha mara ngapi sijui. Hakunigombeza. Alitoka nje tu.

“Wewe uko na miaka mingi ya kujipiga video,” mama akaniambia. “Yeye alikuwa na hiyo moja.”

Mwanangu, usiache kutunga. Ukipata kamera, cheza nayo mpaka ikuchoke. Lakini ukikuta mtu amefunga kitu, ujue ana sababu. Muulize kwanza, acha ujanja wa kijinga kama wangu. Wazee wako warekodi wakiwa hai, hata wakichambua mboga, usingoje harusi. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo.

Mungu akupe ndoto nyingi na mikono yenye adabu. Akuweke, uzeeke, na wajukuu wako wachoke kukusikia ukiimba.