Aubin wa Nyuma

Katika chama chetu cha waendesha baiskeli, cheo kilichoheshimiwa zaidi hakikuwa cha mwenyekiti. Kilikuwa cha mtu wa mwisho, na kwa muda mrefu kilishikwa na Aubin Peyrataud, mzee mjane aliyestaafu kiwanda cha mbao, mwenye mabega mapana na maneno machache.

Msitu wa huku juu una njia nyingi zinazofanana, misonobari upande huu na misonobari upande ule, na simu hazishiki. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Anayetangulia, akifika njia panda, huchuma jani la kangaga kando ya barabara na kulilaza chini, ncha ikielekea tunakokwenda. Kila anayefuata hulitazama na kukata kona. Mtu wa mwisho akishapita hulisukuma mtaroni kwa mguu, wasije wageni wakapotea kwa sababu yetu. Njia panda isiyo na jani maana yake ni moja tu: nyoosha.

Ilikuwepo pia desturi ya kofia. Anayetaka kuingia vichakani kujisaidia hutundika kofia yake tawini, karibu na barabara. Mtu wa mwisho akiiona husimama, hugeuka upande wa pili kwa adabu, na kusubiri. Aubin aliwahi kumsubiri mtu kwenye mvua ya barafu hadi masharubu yake yakaganda. Mtu huyo alipotoka na kuomba radhi, Aubin alimjibu, "Kumbe ni wewe? Nilidhani nasubiri mtu wa maana."

Jumapili hizo ndizo zilizokuwa maisha yake. Alikaa Le Mazet, kitongoji cha kilimani chenye nyumba tatu, mbili zikiwa zimefungwa madirisha tangu wenyewe walipokufa. Basi halifiki. Gari lake lilikuwa limefunikwa turubai bandani, na tukimuuliza alisema limeharibika. Halikuwa limeharibika. Macho yake ndiyo yalikuwa yakimwacha taratibu. Pembeni aliona vizuri, lakini katikati, pale pale alipoelekeza macho, palikuwa na doa kama kidole kilichopaka matope kwenye kioo. Daktari alimkataza kuendesha gari. Aubin hakumtajia habari ya baiskeli, na daktari hakuuliza.

Alijua fika kwamba siku chama kitakapojua, atavuliwa nafasi yake nyuma, na hakuna mtu mwingine atakayekuwa na sababu ya kupanda kilima cha Le Mazet. Kwa hiyo alinyamaza.

Jumapili moja ya Oktoba tulitoka asubuhi mbele ya ofisi ya meya kwenda kuzunguka ziwa la Vassivière. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na ng'ombe wekundu walitutazama kutoka nyuma ya nyaya kama watu waliokwisha kutuchoka. Ulikuwa msimu wa wawindaji. Kila Jumapili wanajipanga kando ya barabara za msituni wakisubiri nguruwe mwitu, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wasipigane risasi. Nasi tulivaa rangi hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo.

Aliyekuwa mbele ya Aubin siku hiyo ni Solange Villejoubert, mwalimu mstaafu, mpole juu ya baiskeli na mkali mezani. Katikati ya mteremko mrefu alisimama, akaegemeza baiskeli yake nyuma ya rundo la magogo, akatundika kofia yake nyeupe kwenye tawi la mwaloni na kuingia msituni.

Aubin alifika na kupita. Kofia ilikuwa mbele yake kabisa, mahali pale ambapo macho yake hayakuwa na kitu. Mbele kidogo, pembeni mwa jicho, aliona rangi ya chungwa ikisogea ndani ya ukungu na kupotea kwenye kona. Akaridhika: yule pale Solange, tumekamilika. Alipofika njia panda alilisukuma jani mtaroni, akakata kushoto kuelekea ziwani.

Alikuwa amemfuata mwindaji.

Solange alimwona akipita. Alimwita kwa sauti yote, lakini alikuwa amechuchumaa nyuma ya mti, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye misonobari. Alipofika njia panda hakukuta jani. Akanyoosha, kama desturi isemavyo, akaingia njia ya malori ya magogo. Njia hiyo ilikuwa tope tupu lililokatwa mifereji na matairi. Gurudumu la mbele likazama, naye akarushwa.

Sisi tulikuwa ziwani. Ziwa hilo ni la bwawa, na majira ya vuli maji hupunguzwa, na ufuko unabaki matope ya kijivu yenye visiki vya msitu uliozamishwa zamani. Tulikuwa tumefungua pai za viazi na chupa ya mvinyo Aubin alipofika, akashuka.

"Haya, mfunga mlango," alisema Gisèle, mwenyekiti wetu, mwanamke wa maneno makubwa na moyo mkubwa. "Solange umemtia mfukoni?"

"Si yuko mbele yangu?"

"Mbele ipi? Mbele ndiyo hii, babu. Ukiendelea zaidi ya hapa unaogelea."

Tulicheka. Kisha tukaacha kucheka.

Tulimpata Solange alasiri, amekaa juu ya gogo, uso umepauka kama jibini, mkono ameushika kifuani. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na baridi ilikuwa imemwingia hadi meno yanagongana. Gisèle alimfunika kwa koti lake na kumgombeza papo hapo, kama wanavyofanya watu waliotishika.

"Mama wewe, ulikuwa wapi? Kofia hukutundika?"

Solange alitazama nyuso zetu moja moja, hadi akaufikia wa Aubin. Aubin alikuwa ameinamisha kichwa na kugeuza shingo kidogo, namna yake ya siku hizo.

"Nilisahau," Solange alisema.

"Ulisahau! Mwalimu mzima! Angekuwa mwanafunzi wako ungemsimamisha kona!"

"Ningemchapa, kabisa."

Huko kijijini watu walimtania Solange kwa majuma: kwa mwoka mikate, kwenye mlango wa kanisa, hata muuza nyama alimuuliza kama amesahau pochi au kofia. Alivumilia. Mbele ya Aubin watu walimsifu, wakisema maskini mzee, alihangaika kumtafuta kuliko wote. Naye alizipokea sifa hizo na kwenda nazo nyumbani, ambako hapakuwa na wa kumwambia.

Mwanzoni mwa Desemba Solange aliendeshwa na mpwa wake hadi Le Mazet, mkono bado umefungwa kitambaa shingoni. Alimwacha mpwa garini. Aliingia, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Kofia yangu ilikuwa nyeupe, Aubin. Ilikuwa usawa wa pua yako."

"Najua uliitundika."

"Unajua?"

"Nilijua tulipokuwa tunakutafuta. Wewe hujawahi kusahau kitu, hata deni la kipande cha chaki."

"Na ukaniacha nichekwe."

"Nikakuacha."

Aubin akaeleza, akitazama dirishani ili aweze kumwona Solange kwa pembeni. "Nikikutazama usoni, uso siuoni. Naona masikio tu."

"Basi hujapoteza kikubwa. Tangu lini?"

"Tangu gari liingie bandani."

Solange alivuta pumzi ndefu. "Muda wote huo tulikuwa tunakupa migongo yetu."

"Nilikuwa naona rangi. Rangi zilinitosha."

"Hazikutosha. Sikiliza, mimi sitasema. Nilishasema uongo wangu, nitafia nao. Lakini nyuma yangu huendeshi tena, wala nyuma ya mtu yeyote. Waambie wewe, kwa namna yoyote utakayo."

"Nikishawaambia, nani atapanda kilima hiki?"

Solange akainuka kuondoka, maana hakuwa mtu wa kuahidi kwa niaba ya wengine.

Jumapili iliyofuata Aubin alikuja mbele ya ofisi ya meya akiisukuma baiskeli kwa mikono, umbali wote kutoka Le Mazet. Alisema magoti yamekwisha. Magoti ni ugonjwa wa heshima kwetu. Hakuna anayemuuliza mtu maswali juu ya magoti. Gisèle alimkumbatia, akamwambia kwa yale masharubu angefaa kuchongewa sanamu pale uwanjani, njiwa wapate pa kukaa. Mvinyo ukafunguliwa asubuhi ile ile. Tuliapa kwamba kila safari itapitia kwake, kahawa iwe tayari.

Tulipita, mara ya kwanza wote, mara ya pili nusu. Kisha theluji ikaja, na baada ya theluji lami ya kilima kile ikawa mashimo matupu. Tukasema tutapita ikikarabatiwa.

Solange aliendelea kwenda, kila Alhamisi, na mpwa wake. Machi alirudi kwenye baiskeli, polepole, na Alhamisi iliyofuata Aubin alimtaka habari zote: nani kapungua uzito, nani kanunua matairi mapya, maji ya ziwa yamefika wapi. Mwishoni akauliza alichokuwa akikizungukia.

"Na nyuma? Nyuma mmemweka nani?"

Solange alichezea kijiko. Kwa kawaida si mtu wa kutafuta maneno.

"Hakuna, Aubin. Gisèle ametugawia ramani ya kuweka kwenye simu, haihitaji mtandao. Kila mtu anaenda kwa mwendo wake, tunakutana kwenye chakula. Majani hatuweki tena."

"Na anayeingia vichakani?"

"Anatoka mwenyewe."

Aubin alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayehesabia jambo gharama zake na kuona kwamba ni sawa. Akasema huo ni utaratibu mzuri, hauna mtu wa kulaumiwa. Kisha akainua birika kumwongezea kahawa, akimimina kwa uhakika kabisa, pembeni ya kikombe, na Solange akakisogeza kimya kimya hadi chini ya kahawa inayomiminika.