Bibi Harusi Niliyemvalisha Helmeti

Nakumbuka Jumamosi moja kule Mgeta, mwanangu, nilipompakia bibi harusi kwenye pikipiki yangu na kumshusha mlima hadi kanisani. Hata leo nikisimulia moyo unanienda mbio kana kwamba ndiyo kwanza nawasha injini! Kaa hapa karibu. Nimeiona pikipiki yako pale nje, nyekundu, inang'aa. Hongera sana. Usidhani nimekuita nikukataze. Naipenda pikipiki kuliko unavyoipenda wewe, maana nimeanza kuipenda kabla hujazaliwa.

Nilikuwa bibi shamba. Ndivyo walivyotuita sisi mabinti tuliotumwa kuwashauri wakulima, na eneo langu lilikuwa milimani Uluguru, kwa watu wa kabichi, karoti na njegere. Nilipopewa pikipiki ya kazi hata baiskeli nilikuwa naiendesha kwa kuyumba. Aliyenifundisha ni Mwalimu Shomari, mzee wa Kihonda aliyezeekea kwenye udereva, mtu mpole wa mwendo na mkali wa ulimi. Siku ya kwanza nilimkuta uwanjani nimevaa ndala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Miguu yako iko wapi?"

Nikacheka, nikamwonyesha.

"Hivyo ni vidole," akasema. "Rudi nyumbani ukavae miguu."

Nikarudi, jua linawaka, nimenuna njia nzima. Kesho yake nikaja na buti. Akanivalisha jaketi zito, akanipa glavu, kisha helmeti, na kamba ya kidevuni akaikaza mpaka nikashindwa kupiga miayo. Nikamwambia wanawake wa sokoni watanicheka. "Wacheke," akasema. "Wakimaliza kucheka utakuwa umeshafika." Na kulikuwa na jambo moja alilonikazania hadi nikamchoka: nitembee na helmeti ya pili. Nikamwambia sina abiria. Akanijibu, "Utampata. Na yeye atakuja na kichwa."

Nilimtii, ingawa kwa kunung'unika. Helmeti ile ya pili ikawa inaninginia nyuma ya kiti kila nilikokwenda, na wakulima wakaizoea. Na raha niliyoipata, mwanangu! Ukiiacha lami pale Mzumbe ukaanza kupanda, hewa inabadilika, baridi inakuingia shingoni, ukungu unafunguka na mashamba yanatokea chini yako kama ngazi. Nilikuwa naimba peke yangu ndani ya helmeti. Nani angenisikia?

Sasa, Jumamosi yenyewe. Alikuwa anaolewa Yasinta, binti wa mkulima mmoja wa kabichi, rafiki yangu sana. Nililala kwao ili nisikose shughuli. Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi gari lililokodiwa kumchukua bibi harusi likazama kwenye tope kabla halijafika kijijini. Vijana walilisukuma hadi wakafanana na tope lenyewe. Halikusogea. Kanisa liko chini bondeni, na padre alikuwa na misa nyingine mchana katika kigango cha mbali, hawezi kusubiri. Upande wa bwana harusi walishafika kanisani, na simu zao zikawa zinalia bila kupumzika.

Mjomba wake Yasinta, Pius, akanitazama. Unajua Waluguru, mambo ya mpwa ni ya mjomba, hapo hata baba husubiri kusikia. Akaitazama pikipiki, akanitazama tena.

"Bibi shamba, chombo chako kitapita?"

"Kitapita, Mjomba."

Vigelegele vikalipuka! Kina mama wakaanza kucheza palepale kwenye tope. Nami nikaifungua ile helmeti ya pili na kuileta, na shangwe yote ikakatika.

Nywele za Yasinta zilikuwa zimeshughulikiwa tangu Ijumaa, zimepandishwa juu kama mnara, zimechomekwa maua meupe na shanga. Shangazi yake, Koleta, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Kichwa hiki? Kiingie humo? Mwanangu, umelala vizuri kweli?"

"Nisamehe, Shangazi. Bila helmeti simpakii."

Wote pale walikuwa wakubwa kwangu, na nilikuwa mgeni kwao. Mmoja akasema ni mteremko tu, nitakwenda polepole. Mwingine akasema ninaringa. Nikabaki nimeishika helmeti kwa mikono miwili, nikimwangalia Mjomba. Mjomba akamgeukia Yasinta. Yasinta akaanza kuchomoa maua, moja moja, akimkabidhi shangazi yake kiganjani.

"Mtanisuka upya mlangoni mwa kanisa," akasema. "Haya, nivalisheni."

Basi tukamvalisha! Kaka yake akavua koti lake la jinzi na kuleta suruali nzito. Gauni tukalikunja na kulifunga kiunoni kwa khanga, kwa sababu nilishaona mjini khanga ya abiria ikimezwa na cheni, na lile jambo sitaki ulione. Viatu vya visigino vikaingia kwenye begi pamoja na shela, miguuni akatumbukiza gambuti za shamba. Glavu zangu nikampa yeye, maana kidole kile kilikuwa kinangojwa na pete. Mpambe wake akaja mbio akitaka kukaa nyuma yake. Nikamwambia, "Mishikaki hapana, dada yangu, leo tunabeba mmoja." Basi mpambe, Shangazi Koleta na kundi zima la wanawake wakashika njia ya mkato, ile inayokata mashamba moja kwa moja hadi bondeni, wakikimbia na kuimba.

Tukaondoka. Gia ndogo, injini yenyewe inatuzuia, breki ya nyuma naigusa tu. Kila kona tuliyoikata, wale wanawake walitokea upande wa juu kwenye mashamba ya njegere, wakapiga vigelegele, wakapotea tena! Yasinta alinikumbatia kiuno akicheka kwa nguvu, na mimi ninacheka, na pikipiki inacheza chini yetu kama mwanakondoo.

Kwenye kona moja maji yalikuwa yamekata barabara. Lori la kabichi likawa linapanda, likapiga honi. Nikalipisha, nikasogea pembeni, na gurudumu la mbele likateleza. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele. Tulikwenda chini wote wawili, na nikasikia mlio mmoja mkavu wa kitu kigumu kikigonga jiwe. Ko!

"Yasinta!"

Alikuwa amelala ubavu kwenye tope. Dereva wa lori ameshuka anakimbia. Mwanangu, sijawahi kuogopa namna ile. Kisha mkono wenye glavu ukainuka, ukasukuma kioo cha helmeti juu, na macho mawili yakanitazama.

"Gauni langu limechafuka?"

Nikamkataza kuinuka haraka. Nikamwuliza kama anaona vizuri, kama kichwa kinauma, leo ni siku gani.

"Siku yangu!" akasema, akaanza kucheka, nami nikalia.

Juu ya sikio, helmeti ilikuwa imepasuka ufa mrefu kama kidole. Dereva aliupapasa ufa ule, akafanya ishara ya msalaba. Viganja vyangu mimi, vilivyokuwa vitupu, vilichunika ngozi. Angalia hapa, kovu bado lipo. Vya Yasinta havikuwa na mkwaruzo. Nikakagua breki, zinashika. Nikamvalisha helmeti yangu nzima, mimi nikavaa ile iliyopasuka kwa kipande kifupi kilichobaki, na tukashuka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kengele ilikuwa inalia tulipoingia uwanja wa kanisa. Kwaya ikaacha kuimba, ikatazama, ikaanza upya kwa nguvu maradufu! Wanawake wa njia ya mkato walikuwa wameshafika, wanahema. Shangazi Koleta akaja moja kwa moja na kuichukua ile helmeti mikononi mwangu. Akauona ufa. Akauweka mkono wake juu yake, kisha akamshika Yasinta kichwa kwa mikono yote miwili na kukibana kifuani kwake. Nywele zilikuwa zimelala kama majani baada ya mvua, na hakuna aliyezitaja. Walimfunika shela, wakamwingiza. Padre, alipoziona gambuti zikichungulia chini ya gauni, alishindwa kujizuia, akacheka hadi machozi, kisha akafungisha ndoa.

Nilipomsimulia Mwalimu Shomari, alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Kamba ya kidevuni ilikuwa imefungwa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Alhamdulillahi," akamimina kahawa.

Sasa nikwambie, mwanangu. Helmeti ivae kila safari, hata ya kwenda dukani, na kamba uikaze. Helmeti isiyofungwa hutangulia kuruka wewe ukifuata. Nunua inayokukaa vizuri, na ikishagonga vibaya usiivae tena, hata kama rangi bado inang'aa. Nawe usiniige mimi kwa kile kipande kifupi. Buti, glavu, jaketi na suruali nzito, hata jua likiwa kali. Jasho utaoga litoke. Jioni vaa kizibao kinachoakisi mwanga, wenye malori wakuone mapema. Abiria wako avae kama wewe, awe mmoja, na nguo zake zisininginie. Akikataa, mwache ashuke, awe bosi, awe mchumba. Na usianze na mlima! Zoea kwanza uwanjani, kisha barabara tulivu, mpaka mikono na miguu ijue kazi bila kuulizwa. Hapo ndipo upande Mgeta, na utaimba kama nilivyoimba.

Nenda, mwanangu, kajaribu chombo chako. Mungu akutangulie kwenye kila kona, awape macho wanaokuja mbele yako, na kila jioni mama yako ausikie muungurumo wako ukiingia uani, aongeze maji kwenye chai. Amina.