Baba Anaamini Nilimfukuzisha Kazi

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana huku Tukuyu tunafahamiana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nina mume na watoto. Ninayowaeleza yalianza nikiwa binti, na mpaka leo yananiliza.

Baba yangu alikuwa karani wa masijala kwenye ofisi moja ya ushirika wa mazao hapa mjini. Faili la mkulima yeyote, baba alijua lilipo bila kutafuta. Nilipomaliza shule na kujifunza kupiga chapa, yeye ndiye aliyeniombea kazi pale. Asubuhi tulitoka pamoja nyumbani Masoko, mchana tulikula bakuli moja, ndizi alizotufungia mama.

Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Wanunuzi binafsi waliingia mpaka vijijini, wakulima wakawa wanamuuzia anayewahi, na ushirika ukaanza kuyumba. Akaja meneja mpya, na zikaja kompyuta kadhaa pamoja na moja kubwa inayoitwa seva, ya kuhifadhi kumbukumbu zote mahali pamoja ili kila meza izione. Fundi alitoka Mbeya, tumwite Fadhili. Alitaka mtu mmoja wa kumfundisha kuisimamia akishaondoka. Wenzangu waliogopa, mimi nikakubali.

Nilijifunza kwa hofu, nisiwaongopee. Kupitisha nyaya, kumfungulia kila mfanyakazi jina lake na neno la siri, kupanga nani aone nini, kutoa nakala ya akiba kwenye kanda kabla ya kwenda nyumbani. Mvua zikianza umeme wetu mnaujua, kwa hiyo alinikazania jambo moja. "Dada, umeme ukikatika una dakika chache tu za betri. Izime taratibu. Ikizimika ghafla unaweza kupoteza kila kitu." Siku niliyoiwasha peke yangu na kila meza ikasoma, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alitabasamu. Jumapili yake nikamsikia nje ya kanisa akiwaambia wazee wenzake kwamba mashine kubwa ya ofisini anaishika binti yake.

Kazi ya kuhamisha mafaili tuliifanya mimi na yeye. Anasoma, mimi naandika. "Huyo ni wa Mpuguso, siyo wa Isongole," ananirekebisha. "Majina yao yanafanana, lakini huyu baba yake alikuwa fundi seremala." Ilichukua miezi, na ukiniuliza kipindi kizuri cha maisha yangu na baba, nitakutajia kile.

Tulipomaliza, haikupita wiki, meneja akamwita. Masijala imefungwa, baba amepunguzwa kazi. Alitoka mle ndani, akachukua koti lake, akaja mezani kwangu.

"Ulijua?"

"Sikujua, baba."

"Haya," akasema, akaondoka.

Nilitaka kuacha kazi kesho yake. Akanikatalia. "Ukiacha, wadogo zako watasomaje?" Nikabaki, na wadogo zangu wakasoma kwa kazi ile. Lakini baba hakukaa tena kula na mimi. Nikimsalimia anaitikia. Nikimletea sweta anashukuru, kesho naliona kwa jirani. Nikawa najiambia ni uchungu wa kazi, utaisha. Niliolewa, nikazaa, haukuisha.

Mwaka jana mama aliugua. Siku moja hospitalini akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, nisife nalo hili. Siku ile meneja alimwambia baba yako kwamba ni wewe uliyeshauri masijala ifungwe. Kwamba ulisema mashine ikikamilika, mzee hana kazi tena."

Nikamuuliza, "Na wewe uliamini, mama?"

Akanijibu, "Nilimwambia akuulize. Akasema alishakuuliza."

Mama alifariki, tukamzika Masoko. Ndugu zangu, mimi sikusema maneno yale. Tulipomaliza kuhamisha mafaili, meneja aliniuliza kama seva iko salama, nikamjibu iko salama, na nikamwomba baba naye afundishwe. Fadhili alikuwa amekuja kuikagua mashine, akawa anasikia. Meneja mwenyewe alishafariki, lakini Fadhili nimemtafuta nikampata, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na anakumbuka vizuri. Akaniambia, "Dada, nitakuja kumwambia mzee kwa mdomo wangu."

Baba sasa anaishi kwangu, na kumbukumbu zinamtoka. Kuna siku hanijui kabisa, anadhani mimi ni jirani mwema tu. Siku hizo anakula na mimi, anacheka, nikimpa uji ananishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mama, Mungu akubariki," halafu ananihimiza niwahi kwetu kabla mvua haijanyesha. Nageukia jikoni nalia. Akili ikimrudi ananitambua, anaitikia salamu yangu, anachukua sahani yake anakwenda kula peke yake chumbani.

Fadhili akija, inabidi aje siku ambayo baba ana akili zake, la sivyo maneno hayatamfikia. Mdogo wangu wa kiume amekataa. Anasema, "Dada, ukimwambia ukweli atajua alikuonea maisha yako yote. Unataka mzee afe na hilo kifuani?" Mume wangu anasema ni haki yangu, tena niharakishe, maana siku za akili zake zinapungua.

Mimi sitafuti aniombe msamaha. Nataka siku moja tu baba ale na mimi huku akijua kwamba ni mimi. Lakini nikimwangalia anavyocheka zile siku asizonijua, naishiwa nguvu. Fadhili anasubiri simu yangu. Nishaurini jamani, nimpigie aje, au nimwache baba yangu?