Urefu wa Nyoka wa Koko

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu nilikuwa na kazi moja niliyoijali kuliko masomo yote: kumpima nyoka. Sikumpima kwa rula, maana nilikatazwa kumgusa. Nilimpima kwa macho, kwa kumlinganisha na kamba ya kiatu changu cha shule, na kila nilipoona hajaizidi nilishusha pumzi nikaenda zangu.

Tulikuwa tunakaa Observatory, mtaa wa Johannesburg, katika nyumba ya zamani iliyojengwa kwenye mteremko wa mawe, moja ya zile zilizokatwakatwa vyumba wakapangishwa watu wengi. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya mbele. Mama alisuka nywele Jeppestown na kurudi giza likiingia. Papa alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana kutwa alilala, nami nikitoka shule nilitakiwa ninyate nisimwamshe. Mtoto wa pekee, nyumba kimya, televisheni imezimwa. Wenzangu shuleni walizungumza Kizulu na Kiingereza; Kizulu changu kilikuwa cha kuombea maji tu, na wao hawakukosa la kucheka. Nilikuwa mpweke sana, na wakati huo sikujua kwamba hali ile ina jina.

Uani palikuwa na chumba alichopanga mama mmoja mzee na mwanawe, fundi wa kompyuta ambaye aliondoka alfajiri na siku nyingine hakurudi kabisa. Mtaani yule mama walimwita Mchina. Hakuwa Mchina. Alikuwa Mmeitei kutoka Manipur, pembe ya mashariki kabisa ya India, ambako sura za watu zinakaribiana na za Burma. Hata Wahindi wenye maduka mjini walimuuliza ametoka wapi, naye alikuwa amechoka kueleza. Mimi nilimwita Koko, kama tunavyowaita mabibi kwetu Bukavu, Kongo. Aliitika tangu siku ya kwanza, bila kuuliza maana yake.

Kilichotukutanisha ni samaki. Alipika samaki waliochachushwa ambao harufu yao iliwafanya wapangaji wengine wafunge madirisha huku wakisonya. Kwangu ilinukia karibu sawa na sambaza, wale samaki wadogo wakavu tuliokuwa tukitumiwa kutoka nyumbani. Nikaifuata harufu mpaka mlangoni pake, akanipakulia wali, nikala mpaka nikalamba vidole. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa uani. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno machache, changu pia, na kwa hiyo tulielewana vizuri sana.

Nyoka alikuja msimu wa mvua. Mvua za Johannesburg hupiga alasiri, zikaisha ghafla, jua likarudi na mawe yakatoa mvuke. Siku moja baada ya mvua kama hiyo nilimkuta Koko amepiga magoti mbele ya ukuta wa mawe, amejifunga shuka yake nyeupe ya kusalia. Alikuwa ameweka mto wa kukalia chini, na juu ya mto amejikunja kijoka cha rangi ya kahawia, chembamba.

"Usiogope," alininong'oneza. "Ni babu."

Akanieleza polepole, kwa maneno na kwa mikono. Kwao kuna mungu anaitwa Pakhangba, mzee wa wazee, aliyeanzisha ukoo wa wafalme wao. Ni joka. Akichorwa huwekewa pembe kama za paa, na hujizungusha akauma mkia wake mwenyewe. Akitaka kuwatembelea watu huja kama nyoka wa kawaida, na nyoka wa namna hiyo hafukuzwi. Hutandikiwa mto, akawekewa wali kidogo na ua, akaachwa apumzike.

"Mbona hana pembe?" niliuliza.

"Amekuja kutembea tu. Wewe ukienda kwa jirani unavaa nguo za kanisani?"

Nilimuuliza amefikaje Johannesburg, mbali hivi. Koko alisogeza ua karibu na mto.

"Labda naye mwanawe ndiye aliyemleta," alisema.

Kisha akanipa onyo lililonikosesha usingizi. Alisema nitazame urefu wake. Babu akifurahishwa na nyumba huwa mdogo, akichukizwa hurefuka. "Siku ukimwona mrefu, usikae. Mwambie mama yako mhame."

Mhame! Kuhama kulimaanisha kumpoteza Koko, na Koko alikuwa ndiye mtu wangu wa pekee wa kuongea naye mchana. Basi nikaanza kupima. Jioni ambazo Mama na Papa walizozana juu ya kurudi Bukavu au kubaki, kesho yake nilitoka shule mbio, mfuko unanipiga mgongoni, nikachungulia juu ya ule mto wake nikiwa na hofu kwamba atakuwa amefika urefu wa kamba ya kuanikia nguo. Niliosha vyombo bila kuambiwa. Nilitandika kitanda cha Papa akiwa bado amekilalia nusu. Mama alidhani nimeguswa na mahubiri, akanisifu kwa majirani. Nyoka siku nyingine hakuja, siku nyingine alikuja akaota jua, na kila alipokuja alikuwa yule yule, mdogo. Sijawahi tena kuwa na ushahidi mzuri kiasi hicho kwamba kwetu kuko salama.

Jumamosi moja umeme ulikatika, saluni ikafungwa mapema, na Mama akarudi mchana. Hakunikuta ndani. Akanifuata uani, akanikuta nimekaa chini karibu na mto, na juu ya mto yupo nyoka.

"Yesu wangu! Riziki, mutoto yangu, toka apo! Toka mbio!"

"Mama, ni babu," nilisema. Sidhani kuna jibu baya zaidi ambalo ningeweza kumpa mwanamke aliyeokoka.

"Babu ya nani? Iyo ni Shetani mwenyewe! Papa Riziki! Lamuka, nyoka inaua mutoto!"

Papa alitoka na fulana ya ndani, macho hayajafunguka vizuri, kirungu chake cha kazi mkononi. Koko alisimama mbele ya mto akatanua mikono, akasema maneno mengi ya lugha yake ambayo sote hatukuyajua. Papa alikuwa akimsalimu kila siku kwa kuinamisha kichwa. Alimshika mabega akamsogeza pembeni taratibu, akamwambia, "Pole, Mama," na akapiga mara moja. Sikumchukia Papa, hata siku ile. Aliamshwa usingizini akaambiwa mwanawe anakufa.

Mama alikuwa bado anakemea pepo. Koko akavua ile shuka nyeupe, akapiga magoti, akamnyoosha nyoka juu yake kwa vidole viwili, polepole, kando ya kiatu changu. Akaniangalia mimi, si wao.

"Tazama," alisema. "Mdogo."

Hapo ndipo nilipolia. Mama alinikumbatia akidhani ni hofu. Nilikuwa nalia kwa sababu nilielewa hesabu yake: alikuwa mdogo, kwa hiyo alikuwa amefurahi. Alikuwa amependezwa na nyumba yetu mpaka dakika ile.

Mama alipaka mafuta ya maombi milango yote na kunikataza kwenda uani. Mlango wa Koko ukawa unafungwa mchana. Harufu ya samaki ilikoma, wapangaji wakafungua madirisha. Kabla mvua hazijaisha mwanawe alimrudisha kwao. Nilitoka shule nikakuta chumba kimefagiliwa na mto umeachwa nje umelowa. Sisi hatukuhama. Jambo nililoliogopa lilitokea bila nyoka kurefuka hata kidogo.

Miaka mingi baadaye nilimwelezea mtu mmoja anayejua nyoka wa hapa. Alicheka. Ni kijoka cha bustanini, alisema, kinakula konokono, hakina sumu, na hakikui zaidi ya hapo hata ukifanyeje. Lakini mdomoni mwa Mama hakijaacha kukua. Aliposhuhudia kanisani wiki ile ile kilikuwa na unene wa mkono wake. Kwenye msiba wa Papa kilikuwa bomba la maji. Krismasi iliyopita kilitoka kwenye bomba la uani kikafika getini. Sikumsahihisha. Niliwaza tu kwamba Koko asingeshangaa: ndivyo alivyosema, akichukizwa hurefuka.

Sasa Mama anakaa kwangu, katika chumba cha uani. Mimi natoka asubuhi. Binti yangu anarudi shule anajifungia na simu, na akisalimiwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Juzi nilimpelekea Mama chai nikamkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani.

"Muchana yote hakuna hata mutu wa kunisalimia," alisema. Kisha, bila mimi kumgusia, "Ule mumama wa ile nyumba, naye aliishi hivi? Aliitwa nani?"

Sikulijua jina lake. Nilimwita Koko tu. Nikamweleza Mama, kwa mara ya kwanza, habari za urefu wa nyoka na maana yake, na kamba ya kiatu. Alisikiliza mpaka chai ikapoa, na hakukemea kitu.

Jumapili tulikula pamoja. Binti yangu, kwa kukosa la kufanya, aliuliza kwa Kiingereza chake, akimwita bibi yake kwa Kizulu, "Gogo, yule nyoka alikuwa mkubwa kiasi gani?" Mama alitanua mikono kama kawaida yake, mpaka kikombe kikataka kuanguka. Akanitupia jicho. Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha ikaanza kurudi, ikasogeleana taratibu, mpaka nafasi iliyobaki katikati ikawa ya kamba ya kiatu cha mtoto.

"Kadogo," alisema. "Kalikuwa kadogo tu."

Niliinuka nikakusanya vyombo ili wasinione machozi. Tangu tulipomuua nyoka yule, hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyomwona akipungua.