Kuipokea Drili kwa Mkono wa Kulia

Naipenda kazi ya juu, au niseme nilikuwa naipenda. Kwenye ile saiti yetu ya ujenzi ya Barking, huku ughaibuni, nikifika ghorofa ya mwisho, nilikuwa naangalia nyumba za watu na kujichagulia yangu. Mzee niliyefanya naye kazi, mtu wa Mombasa, rika la baba yangu, alinicheka na kuniambia nimchagulie na yake, isiyo na ngazi.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa jukwaani, yeye katikati ya ngazi, chini yangu. Akaomba drili. Ngazi kaishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto mtupu. Mwingine angeipokea kwa huohuo, yakaisha. Sisi kitu cha mtu hatukipokei kwa kushoto, na mimi kwa ujinga wangu nikangoja abadilishe. Akaachia kulia kabla kushoto hakujashika.

Hakupiga kelele. Nilisikia kishindo tu.

Nilishuka mbio. Alikuwa kalala chali kwenye zege, macho wazi. Nikamwambia asitikisike, huku moyo ukiniambia nimemuua. Akaniuliza kama drili imevunjika. Nilitaka kucheka, nikalia.

Ambulansi ilipofika, Kiingereza kilikuwa kimemtoka chote, ikabidi nitafsiri mimi wa darasa la saba. Dada wa ambulansi akamvua viatu, akasema nimuulize kama anahisi akiguswa mguu.

"Mwambie nahisi," mzee akajibu upesi.

Yule dada alikuwa bado hajamgusa.

Mzee akanivuta shati. "Mwanangu, usiniharibie kazi. Waambie wanikalishe kidogo, nitainuka mwenyewe."

Niliitazama ile miguu, imetulia kama si yake. Tangu nizaliwe sijawahi kumkatalia mtu mzima. Nikamgeukia dada, nikamwambia anasema anahisi, lakini si kweli.

Hakuna aliyemkalisha. Walimfunga kwenye ubao kichwa hadi miguu, polepole mno, naye akageuza macho asinione. Hospitali walisema uti wa mgongo umepata ufa. Angeinuliwa pale, miguu ingekwisha kabisa.

Siku ya nne mkewe alinipigia nikiwa kwenye basi. Kidole gumba cha mguu kimecheza, akasema, ila mzee hataki kuongea na mimi bado. Nikashuka kituo kisicho changu, nikakaa ukingoni mwa barabara. Nililia kuliko siku ile.